Hatua Thelathini Hadi Langoni

Kutoka kizingiti cha nyumba ya Bi Hosiyat hadi lango la ua wake ni hatua thelathini. Nilizihesabu majira ya baridi yaliyopita, kwa sababu ndani ya hatua hizo mkaza mwana wake alikuwa akinimwagia maswali aliyoyalimbikiza, na mimi nilikuwa nikitafuta namna ya kuzifanya ziwe ishirini.

"Shangazi Muazzama, mtoto akishikwa na kwikwi mara nne kwa siku ni vibaya?"

"Si vibaya."

"Nikila kitunguu, maziwa yatanuka?"

"Kula kitunguu."

"Kucha zake nikate, au nisubiri arubaini iishe? Mama anasema mtoto akikatwa kucha mapema atakuwa mwizi."

"Basi mwache awe mwizi. Kata, kabla hajajichuna uso."

"Na paa la chumba chetu linavuja. Unyevu unaweza kumwingia kifuani?"

"Sumanbar, mwanangu, mimi ni nesi. Fundi wa mapaa yuko nyumba ya tatu mkono wa kushoto."

Alikuwa na miaka ishirini, mwembamba, mikono imepasuka kwa maji ya baridi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, kwa hiyo hakuwa na kwao kwa kukimbilia na maswali kama wenzake. Mumewe, Behzod, alikuwa Urusi akijenga maghorofa ya watu wengine, akipiga simu kila Ijumaa, na simu hiyo aliishika mama yake mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimebaki mimi tu, na mimi nilikuwa na haraka.

Mtu atauliza kwa nini asiniulize ndani, tukiwa tumeketi kwa raha karibu na jiko la chuma. Ndani haulizi mtu. Kwetu mkaza mwana hamimini maneno mbele ya mgeni, anamimina chai, tena nusu kikombe, kisha anakaa karibu na mlango ili awe tayari kuinuka. Nikiuliza, "Unanyonyesha mara ngapi?" Bi Hosiyat anajibu, "Mara nane." Nikiuliza, "Titi linauma?" Bi Hosiyat anajibu, "Halimuumi." Wala sikumshangaa. Mama mkwe wangu alinijibia hivyo hivyo miaka saba, hata maumivu ya meno yangu aliyajua kuliko mimi. Ila mgeni hawezi kuachwa atoke peke yake kama kuku, lazima asindikizwe hadi langoni, na kazi hiyo ni ya mkaza mwana. Kwa hiyo Sumanbar alikuwa na hatua thelathini zake, na Bi Hosiyat alikuwa na dirisha.

Mimi nina miaka hamsini na sita. Vijiji vitatu ni vyangu, na ninavitembelea kwa miguu, begi begani, miaka thelathini na mmoja sasa. Magoti yangu yanalia kabla sijainuka. Majira yale ya baridi kituo chetu kilikuwa na jiko moja linalotoa moshi kuliko joto, mwenzangu alikuwa amehamia mjini, na nilikuwa nikihesabu miezi iliyobaki nistaafu. Nilikuwa nimechoka. Nalisema mapema kwa sababu nitalisema tena mbele, na pale halitakuwa la kujitetea.

Mara ya kwanza nilimkuta mtoto, Shukrona, ana mwezi mmoja, amelala ndani ya gahvora. Hapa hakuna mtu ambaye hakulala humo. Ni kitanda kidogo cha mbao cha kubembea, chenye mpini juu na tundu chini, na kibomba cha mti cha kupeleka mkojo kwenye chungu. Mtoto anafungwa kwa vitambaa viwili vipana, kimoja juu ya mikono, kimoja juu ya miguu. Halowi, hapigwi na baridi, hajichuni, na mama anapata mikono yake miwili ya kukandia unga. Mimi nililala humo, na watoto wangu watatu pia.

Lakini hakuna aliyefunga kama Bi Hosiyat. Alipiga goti moja, mguu mbaya akaunyoosha pembeni, akavuta kitambaa kwa nguvu zote hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Alipomaliza, miguu ya mtoto ilikuwa imenyooka kama mishumaa miwili kwenye boksi.

"Mtoto wa kike ni miguu," aliniambia. "Uso utajificha chini ya mtandio. Mguu haujifichi."

Yeye alikuwa akichechemea tangu utotoni. Punda alimrusha akiwa na miaka miwili, ndivyo alivyosimulia, na kijiji kizima kinaijua hadithi hiyo. Wakorofi humwita Hosiyat wa Punda, mbali na masikio yake. Kwa sababu ya mguu huo alikaa kwao hadi miaka ishirini na saba, wadogo zake wanne wakaolewa wakimruka, mpaka akapatikana mgane mwenye ndevu nyeupe aliyehitaji mtu wa kumpikia. Akaapa kwamba katika nyumba yake hatatoka mtoto mwenye mguu mbaya. Ndiyo maana alifunga vile. Yule bibi hakuwa mkatili, alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na mikono yenye nguvu.

Kazi yangu siku ile ilikuwa kumfungua mtoto, kumvua, kumkunja magoti na kuipanua miguu yake pande mbili kama ya chura, niangalie inafunguka sawa. Kwenye daftari la mtoto kuna mstari wake kabisa: Nyonga.

"Usimfungue," Bi Hosiyat alisema. "Ndiyo kwanza amelala. Na chumba baridi. Ukimwamsha, utambembeleza wewe?"

Nikaangalia uso wa mtoto, mwekundu, mzima, umelala fofofo. Nikafikiria vile vifundo, vitambaa viwili, mto wa pamba, blanketi tatu, kisha kufunga vyote upya huku bibi akinisahihisha. Nikaandika: Nyonga, nzima. Nikatia sahihi, nikanywa chai yangu.

Siku hiyohiyo, njiani kuelekea langoni, chini ya mti wa uani, kati ya kwikwi na kitunguu, Sumanbar aliuliza, "Shangazi, mikunjo ya mapaja ikiwa upande mmoja miwili na upande mwingine mitatu, ni kawaida?"

Nami nikamjibu, nakumbuka neno kwa neno: "Hata mapaja yangu hayafanani, na nimezaa watatu."

Alicheka akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nikajiona hodari wa utani, nikaenda zangu.

Mara ya pili mtoto alikuwa na miezi mitatu na theluji ilikuwa imefika magotini. Gahvora ilikuwa palepale, blanketi zilezile, na safari hii bibi hakuhitaji hata kuniambia nisimfungue. Niliandika mwenyewe, nimesimama, bila kuvua koti. Nyonga, nzima.

Huko nje Sumanbar alisubiri tufike katikati ya ua. Alikuwa na ndoo ya majivu mkononi, ya kumwaga kwenye barafu nisiteleze, na alianza na yale madogo, kama kawaida yake. Joto la maji ya kuogea. Mafuta ya kupaka kichwani. Behzod anasema huko Urusi watoto hawafungwi, je, mikono yao haipindi? Kisha akashusha sauti. "Shangazi, mtoto akiwa na mguu mmoja mvivu, nikimwosha haurushi kama wa pili..."

"Mguu wa nani mvivu?"

Bi Hosiyat alikuwa amefungua mlango. Sijui alisikiaje kutoka kule, lakini wanawake wa nyumba zenye wakaza wana huwa na masikio ya sungura.

"Nilikuwa naulizia tu, mama."

"Unaulizia! Mtoto wa mwanangu unamtafutia kilema? Cha kwangu unachokiona kila siku hakijakutosha, unataka na kingine?"

"Sikusema hivyo, mama. Nisamehe."

"Nesi ameandika mtoto mzima. Wewe umesomea wapi?"

Sumanbar akainamisha kichwa, akamwaga majivu. Nilipaswa kugeuka pale pale, nirudi ndani, nikifungue kile kitanda. Nilikuwa na nyumba nne mbele yangu na soksi zilizolowa. Nikampigapiga begani kidogo nikamwambia, "Usiwaze sana, mwanangu. Ukiwaza sana maziwa yanakauka." Hata hilo si kweli namna ile nilivyolisema. Nikavuka lango.

Tangu siku ile maswali yakaisha. Mwezi Machi alinisindikiza, akafungua komeo, akasema, "Asante, shangazi." Aprili vilevile. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona ni raha. Nilisema moyoni, alhamdulillah, huyu naye amekua.

Sindano za mtoto alizileta kituoni, lakini kituo kilikuwa baridi kama kisima, kwa hiyo watoto wote niliwachoma wakiwa ndani ya blanketi, paja moja limetolewa nje. Kwa sindano, paja moja linatosha.

Mwezi Mei joto likaingia. Miforosadi ilikuwa imeanza kudondosha matunda, watoto wa kijiji wote midomo myeusi. Sumanbar akamleta Shukrona kupimwa uzito, ametimiza miezi sita. Akamweka mezani akaanza kumvua kimyakimya.

"Leo huna swali?" nikamtania.

"Sina, shangazi."

"Hata la paa?"

"Paa bado linavuja. Ila nimeacha kuuliza." Alikuwa akikunja kigauni cha mtoto vizuri, kona kwa kona. "Kila nikiuliza naambiwa ni kawaida. Basi nimeshakubali, kila kitu ni kawaida."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemjibu. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba kwao hakuna umeme, na nikaona jinsi alivyochoka, zaidi yangu, mtoto wa miaka ishirini. Nikaona haya. Kwa sababu ya haya hiyo, na si kwa sababu nyingine, sikuishia kwenye mizani. Nilimlaza Shukrona chali, uchi, nikamkunja magoti.

Goti la kulia lilikuwa juu. La kushoto lilikuwa chini yake kwa upana wa vidole viwili.

Nikaipanua miguu. Wa kulia ukaenda hadi ukagusa meza. Wa kushoto ukafika katikati ukagoma. Nikarudia. Nikarudia tena. Mtoto akanicheka, akidhani tunacheza. Nikaangalia mapaja: mikunjo miwili huku, mitatu huku.

Sumanbar hakuwa akimwangalia mtoto. Alikuwa akiniangalia mimi.

"Ni kawaida?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

Akakaa kwenye benchi. Akavuta pumzi ndefu hadi mabega yakashuka. Sijawahi kuona mtu akipewa habari mbaya akapata nafuu namna ile, na nafuu yake ndiyo iliyonichoma kuliko kama angelia.

Alasiri hiyohiyo nikaenda kwa Bi Hosiyat. Alikuwa kwenye jukwaa la mbao uani, anachambua mchele kwenye sinia. Nilimweleza polepole. Kwamba kichwa cha mfupa wa paja huenda kimetoka mahali pake. Kwamba inatakiwa picha, na daktari wa mifupa wa mjini, na upesi, kabla mtoto hajaanza kusimama. Kwamba asifungwe tena miguu ikiwa imenyooka.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula."

"Analala? Anacheka? Ana homa?"

"Hana."

"Basi mgonjwa ni nani hapa?" Akarusha kokoto moja kutoka kwenye mchele. "Muazzama, mimi na wewe tumezeeka pamoja. Unataka nimbebe mjukuu wangu nimpeleke mjini, kijiji kizima kinatazama? Msichana akishaandikwa hospitalini kwamba ana mguu mbaya, miaka ishirini ijayo nani atapiga hodi hapa? Wewe ulipigiwa hodi, hujui. Mimi najua hodi isiyopigwa ilivyo."

"Mguu utaharibika, Hosiyat."

"Hauharibiki. Nitamfunga vizuri zaidi, utanyooka."

"Ukizidi kumfunga ndiyo unauharibu."

Hapo akasimama. Akaingia ndani akichechemea, akarudi na daftari la mtoto, limefungwa kwenye kitambaa cha maua pamoja na hirizi ya kijicho. Alilitunza vizuri kuliko hati ya nyumba. Akalifungua mbele yangu akaweka kidole.

"Soma."

"Hosiyat..."

"Soma, wewe si ndiye msomi. Mwezi wa kwanza, nyonga, nzima. Mwezi wa tatu, nyonga, nzima. Hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi niambie. Ulisema uongo wakati ule, au unasema uongo sasa?"

Sumanbar alikuwa ametoka na birika la chai, amesimama mlangoni.

Nilikuwa na njia ya kutokea. Ningeweza kusema ugonjwa umekuja baadaye. Kuna wakati inatokea hivyo kweli, na nina maneno ya kidaktari ya kutosha kumfunika nayo bibi wa watu hadi asione mbele. Lakini nilimjua Hosiyat. Angesema kilichokuja chenyewe kitaondoka chenyewe, akaendelea kufunga. Na upande wa pili kulikuwa na jina langu. Katika vijiji vitatu wanawake wanazaa kwa sababu nimewaambia msiogope, wanaleta watoto wachomwe sindano kwa sababu Muazzama amesema. Sina kingine. Sina hata meno yangu yote.

"Nilisema uongo wakati ule," nikasema. "Sikumfungua. Mara zote mbili. Niliandika tu."

Bi Hosiyat akaondoa kidole kwenye daftari.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka."

Nilipolisema lilikuwa dogo kabisa, neno la kumwambia mumeo ukirudi jioni. Kisha Sumanbar akaweka birika chini, akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona mkaza mwana yeyote akifanya katika ua huo. Alizungumza bila kuulizwa.

"Mimi niliuliza," akasema. Akanyoosha mkono kwenye njia ya kwenda langoni. "Nilimwuliza pale, kwenye ule mti. Na nikamwuliza pale, siku ya theluji. Mama, ulisikia. Niliuliza."

Nilisubiri bibi amfokee. Bi Hosiyat akaangalia ule mti, akaangalia ile njia, akaangalia daftari. Akalikunja ndani ya kitambaa chake cha maua.

"Gari la mjini linaondoka saa ngapi?" akauliza.

Tulikwenda watatu, na mtoto. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, foleni yake imefika hadi ngazini. Akaitazama picha kwenye mwanga akatuonyesha. Hata asiyesoma angeona: upande mmoja mpira umekaa kwenye kikombe chake, upande wa pili mpira uko nje, umepotea njia.

"Mmewahi, kwa bahati," alisema. "Angeanza kutembea hivi, ingekuwa kisu, na kisu hakirudishi yote." Akamvika mikanda na sponji, magoti juu, miguu imepanuka kama chura. Miezi mitano, labda zaidi. Gahvora, marufuku. Akachukua mtandio wa Sumanbar akatuonyesha jinsi ya kumbeba, mgongoni au kiunoni, miguu ikimkumbatia mbebaji pande mbili. "Wako watu duniani wanaobeba watoto wao wote hivi," alisema, "na ugonjwa huu kwao ni nadra sana."

Bi Hosiyat akainuka kuchukua kikapu chetu pembeni mwa mlango. Hatua nne kwenda, nne kurudi. Daktari alikuwa ameshashika kalamu. Akaiweka chini.

"Na wewe, mama, nyonga yako ilianza lini?"

"Mimi? Ni punda. Alinirusha nikiwa na miaka miwili."

"Mlikwenda hospitali? Uliwekewa plasta?"

"Sijui."

"Unamkumbuka huyo punda?"

"Mtoto wa miaka miwili atakumbuka nini? Mama ndiye alisema."

Daktari akamwomba alale kitandani, dakika moja tu. Nilidhani atakataa. Akalala, na viatu vyake vya mpira, mtandio umemziba nusu ya uso. Daktari akamkunja magoti yote mawili, akayatazama kwa usawa, jinsi nilivyotazama ya Shukrona. Moja lilikuwa chini sana.

"Hapa hakuna punda, mama," alisema kwa upole. "Ulizaliwa nayo, kama mjukuu wako. Mara nyingi inafuata ukoo. Kisha ukafungwa miguu imenyooka, na mfupa ukazidi kutoka. Mama yako hakujua."

Bi Hosiyat alishuka kitandani akajifunga mtandio upya, polepole, akiingiza kila unywele ndani. Njia nzima ya kurudi alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, na miaka sitini ilikuwa imemwangukia usoni kwa mkupuo mmoja.

Tulipofika, alivifungua vile vitambaa vya gahvora mwenyewe, akavikunja, akaisukuma gahvora hadi ghalani kwenye vitunguu. Nikanywa nusu kikombe changu. Nikaaga. Sumanbar akainuka kunisindikiza, na hata hatujafika hatua ya tano yakaanza.

"Shangazi, ataogaje na hii mikanda? Akichubuka mapaja nipake nini? Atalala upande gani? Akitaka kutambaa nimzuie? Nikimbeba mgongoni nikikanda unga, hatachomwa na moto wa tanuri? Behzod akiuliza nimwambieje asiogope? Na maziwa, ni kweli nikiwaza yanakauka?"

Nikasimama. Nikaweka begi chini, pale kwenye mti, nikamjibu moja moja, na ambalo sikulijua nikasema silijui, nitauliza. La maziwa nikamwambia nilidanganya, awaze tu, mama asiyewaza yuko wapi. La paa nikamwambia nitamtuma fundi kesho, na kama hatakuja nitampanda kichwani.

Nyuma yetu mlango ukafunguka. Bi Hosiyat alikuwa anakuja, anachechemea, mtoto amempakata kiunoni, miguu huku na huku, kama tulivyoonyeshwa. Sumanbar akanyamaza mara moja, mazoea hayaishi kwa siku moja.

"Na mimi nina swali," bibi akasema.

Miaka yote niliyoingia katika ua ule alikuwa akijibu. Hakuwahi kuniuliza kitu.

"Kama mtu angenifungua, mimi, nikiwa hivi," akamwinua Shukrona kidogo. "Akaniangalia. Ningetembea?"

Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni, wa zama zile hapakuwa na dawa. Dawa ilikuwepo. Hospitali ileile ya mjini ilikuwepo, nayo ni ya zamani kuliko sisi sote.

"Ungetembea," nikasema. "Ungekimbia."

Akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza anuani ya mahali pa mbali. Machozi yalimtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na mtoto. Sumanbar akamfuta, kwa ncha ya mtandio wake, na bibi akamwachia.

"Wako wangapi," akauliza tena, "uliowaandika bila kuwafungua?"

"Majira haya ya baridi? Kumi na saba."

"Wote ni wazima?"

"Sijui, Hosiyat."

"Basi kesho asubuhi nipitie. Tutaanza na hapo kwa jirani." Akamsogeza mtoto vizuri kiunoni. "Watakukatalia, watakuonyesha sahihi yako kama mimi nilivyokuonyesha. Wakikukatalia, nitawapitia uani mwao kwa miguu, kwenda na kurudi, waone ninavyotembea."

Nikaokota begi langu. Hatua zilizobaki hadi langoni walinisindikiza wote wawili.